Thogoto: Kanisa lililogombania Meza ya Bwana

Kwa Wakristo wengi wa Gongoni na Malindi, Kanisa la Kipresbiteri ni la watu wa bara. Pwani ilikwisha kufikiwa na Waanglikana kutoka Rabai na Wamethodisti kutoka Ribe. Hata hivyo, safari ya Wapresbiteri nayo ilianzia Mombasa.

Septemba 1891, Dkt James Stewart wa Lovedale, Afrika Kusini, aliongoza msafara wa miguu kutoka Mombasa hadi Kibwezi. Waliogharimia ni Sir William Mackinnon, mkuu wa kampuni ya IBEA iliyotawala pwani yetu wakati huo, pamoja na wenzake, akiwemo A. L. Bruce, mkwewe David Livingstone. Malaria iliwaua wamishenari kadhaa, na mwaka 1898 Thomas Watson akahamishia kituo nyanda za juu za Kikuyu. Wenyeji walilitamka neno 'Scot' kwa namna yao, na pakaitwa Thogoto. Watson alifariki 1900. Mkewe, Minnie, akabaki hadi 1931.

Lilikuwa kanisa lisilo na askofu, likiongozwa na wazee, na lenye nidhamu kali. Mshirika aliyekosa aliondolewa kwenye Meza ya Bwana mpaka atubu. Ugomvi mkubwa wa Thogoto ulihusu meza hiyo hiyo: nani aruhusiwe kuikaribia?

Mara ya kwanza swali lilitoka nje. Juni 1913 misheni kadhaa zilikutana Thogoto kutafuta umoja, na Askofu Peel wa Mombasa, ambaye Waanglikana wa Rabai na Jilore walikuwa chini yake, akaendesha ushirika mtakatifu katika kanisa la Waskoti. Askofu Frank Weston wa Zanzibar alighadhibika. Alimshtaki Peel, pamoja na Askofu Willis wa Uganda, kwa Askofu Mkuu wa Canterbury kwamba wameeneza uzushi. Hawakutiwa hatiani, ila ibada ya namna ile haikupewa baraka irudiwe. Tunda la ukaribu huo ni shule ya Alliance, iliyofunguliwa 1926.

Mara ya pili moto uliwaka ndani. Mwaka 1929 misheni, ikiongozwa na Dkt John Arthur, iliwataka washirika watie kirore, yaani alama ya kidole gumba, kukana tohara ya wasichana na pia chama cha Kikuyu Central Association. Majuma machache baadaye viti vilikuwa vitupu. Vijana waliimba Muthirigu kuwakejeli wamishenari hadi serikali ikaupiga marufuku wimbo huo, na wazazi wakaanzisha shule na makanisa yao huru.

Kuupinga ukeketaji hakukuwa kosa; Kenya yenyewe iliupiga marufuku kwa sheria mwaka 2011. Lakini kuunganisha suala hilo na chama kilichodai ardhi ya watu kulimfanya mshirika aone kwamba anaambiwa achague kati ya ekaristi na shamba la babake.

Ajabu ni kwamba kanisa kubwa la mawe la Thogoto, Church of the Torch, lilijengwa katika miaka hiyo hiyo, 1928 hadi 1933. Waliobaki walilelewa na wachungaji kama Musa Gitau, mmoja wa Waafrika wa kwanza kuwekewa mikono, mwaka 1926.

Mwaka 1943 likazaliwa Kanisa la Presbyterian la Afrika Mashariki (PCEA). Makanisa ya Waskoti walowezi yalikaa kando hadi 1956, katikati ya Hali ya Hatari, yalipojiunga na ya Waafrika chini ya Baraza Kuu moja.