Jengo Lililopewa Jina la Kadi

Katika milima ya Usambara, kuanzia Bungu hadi Lushoto, neno “kipande” halihitaji kufafanuliwa kwa mzee yeyote aliyewahi kukata mkonge katika mashamba ya Korogwe na Mombo. Kipande kilikuwa kadi ya siku 30 za kazi, nazo zikitimia ndipo mshahara ulipotolewa. Mjini Nairobi neno hilo hilo ni jina la jengo la kihistoria linalolindwa na sheria, ambalo leo ni tawi la benki. Inafaa kujiuliza: linapohifadhiwa jengo la namna hiyo, ni nini hasa kinachohifadhiwa?

Kipande House ipo katika Barabara ya Kenyatta. Ilisanifiwa mwaka 1913 na Gurdit Singh Nayar, msanifu majengo wa asili ya Kihindi. Kuta zake ni za mawe, na matao yake yanaleta kivuli katika mji wa jua kali. Mnara wake uliifanya kwa miaka mingi ihesabiwe kuwa jengo refu kuliko yote mjini humo, ingawa leo majengo ya vioo yameizidi kwa mbali. Awali ilikuwa ghala la bidhaa za reli. Baadaye ikawa ofisi ya kuandikisha Waafrika na kuwapa vipande, na hapo ndipo ilipopata jina lake. Mwaka 1976 ilinunuliwa na Benki ya Biashara ya Kenya.

Kadi za kazi zilitangulia katika milima yetu. Reli ya Tanga ilifika Mombo mwaka 1905, na walowezi waliokuwa wamejitwalia ardhi walitaka watu wa kuilima. Washambaa walikuwa na mashamba yao wenyewe na hawakuona sababu ya kuyaacha. Mwaka 1907, katika wilaya ya Wilhelmstal, yaani Lushoto ya leo, utawala wa Kijerumani uliwalazimisha wanaume kubeba kadi na kumfanyia mlowezi kazi siku 30 katika kila miezi minne, kwa ujira uliopangwa. Asiyetimiza alipelekwa kwenye kazi za serikali.

Waingereza wa Kenya walitunga sheria ya kuwaandikisha Waafrika mwaka 1915, na utekelezaji wake ukaanza baada ya Vita Kuu. Mwanamume Mwafrika alipotoka katika eneo lililotengewa kabila lake, alitakiwa kuwa na kipande chenye alama za vidole vyake, jina la mwajiri na kiwango cha mshahara. Kilitiwa ndani ya kikopo cha chuma, na wengi walikivaa shingoni kwa kamba. Bila saini ya mwajiri wa zamani, hakuna mwajiri mpya aliyeruhusiwa kumpokea. Aliyetoroka mateso shambani alisakwa kwa kumbukumbu zilizotunzwa mjini. Kwa hiyo kadi hiyo haikumtambulisha mtu kama raia. Ilimfunga kwa bwana wake.

Kipande kilikuwa miongoni mwa malalamiko aliyoyatangaza Harry Thuku mwaka 1921, pamoja na kodi na kupunguzwa kwa mishahara. Alikamatwa Machi 14, 1922. Siku mbili baadaye umati uliokusanyika Nairobi kudai aachiliwe ulipigwa risasi. Taarifa rasmi ilitaja vifo 21, na Mary Muthoni Nyanjiru alikuwa miongoni mwa waliouawa. Sheria mpya ya mwaka 1947 ilipotaka watu wa rangi zote waandikishwe kwa alama za vidole, Wazungu walipinga vikali. Jambo walilowatendea wengine kwa zaidi ya miaka 25, wao waliliona fedheha.

Sheria za urithi wa taifa huzuia mwenye jengo kulibomoa au kuligeuza apendavyo, na hilo ni jema. Hata hivyo, matao na mnara havisemi chochote juu ya watu waliopanga foleni ili wachukuliwe alama za vidole. Usanifu ukisifiwa peke yake, jengo hubaki kuwa pambo, na jina lake hugeuka kuwa anwani tu ya tawi la benki. Jina hilo ndilo ushahidi. Laiti lingebadilishwa, mawe yangebaki na shahidi angeondoka.

Wala si jambo la zamani pekee. Wakenya wengi bado huita kitambulisho “kipande”. Serikali zetu zote mbili zinaendelea kuandikisha wananchi, sasa kwa mitambo ya kisasa, na huenda hilo likawa na manufaa. Lakini kila inapotolewa kadi mpya, mwananchi anayo haki ya kuuliza swali ambalo babu zake wa Usambara na wa Nairobi hawakuruhusiwa kuuliza: kadi hii inanipa haki gani, na inampa nani mamlaka juu yangu?