Neno 'siku' katika mikataba: Tamko moja, hesabu nyingi

MFANYAKAZI anayetia sahihi mkataba wa ajira nchini Kenya aghalabu hukutana na neno 'siku' mara kadhaa kabla hajafika mwisho wa karatasi. Huahidiwa likizo ya siku 21 kwa mwaka. Huelezwa kwamba upande wowote unaweza kuvunja mkataba kwa notisi ya siku 28 au 30. Hufahamishwa pia kuwa katika kipindi cha majaribio, notisi ni ya siku saba tu. Tamko ni lile lile, na mtu wa kawaida hulihesabu kwa namna ile ile: jua limechomoza, limetua, siku imepita.

Mkataba hauhesabu hivyo. Siku za likizo huziacha nje siku za mapumziko; siku za notisi huzimeza zote, Jumapili na sikukuu zikiwemo. Wapo waliopoteza ujira, nyumba na hata haki ya kwenda mahakamani kwa sababu ya siku moja waliyodhani ipo kumbe haipo.

Sheria ya Ajira ya 2007 ni mfano mzuri, kwa kuwa mikataba mingi ya kazi nchini huinakili karibu neno kwa neno. Kuhusu likizo, sheria hiyo inataja siku za kazi zisizopungua 21 baada ya kila miezi 12 ya utumishi mfululizo, kwa malipo kamili. Karani anayefanya kazi Jumatatu hadi Ijumaa atakaa nyumbani wiki nne na siku moja. Mlinzi anayefanya kazi siku sita kwa wiki atamaliza siku zake 21 kwa wiki tatu na nusu. Wote wawili wamepewa haki moja, lakini mmoja anarudi kazini mapema kuliko mwenzake. Mwajiri anayeandika 'siku 21' peke yake, bila kuongeza maneno 'za kazi', kisha akahesabu Jumapili ndani yake, anampa mfanyakazi wiki tatu tu, jambo ambalo sheria hairuhusu.

Kwa upande wa notisi, anayelipwa kwa mwezi anastahili kupewa notisi ya maandishi ya siku 28, na hapa sheria haisemi 'za kazi'. Mikataba mingine huandika 'mwezi mmoja' badala yake, na wengi hudhani ni mamoja. Notisi iliyotolewa Machi 3 kwa siku 28 inaisha Machi 31. Ile ya mwezi mmoja inaisha Aprili 3. Siku tatu za mshahara zimo katikati, na mkataba ukitoa muda mrefu kuliko ule wa sheria, ule mrefu ndio unaofuatwa.

Ajabu kubwa imo katika kifungu kinachohusu vibarua. Kibarua, kwa mujibu wa sheria hiyo, ni mtu anayelipwa mwisho wa kila siku na asiyeajiriwa kwa zaidi ya saa 24 kwa wakati mmoja. Kazi yake inaweza kukatizwa jioni yoyote bila notisi. Lakini akifanya kazi siku mfululizo ambazo jumla yake haipungui mwezi mmoja, ajira yake huhesabiwa kuwa ya mwezi kwa mwezi, na mlango wa notisi na stahiki nyingine humfungukia. Je, Jumapili alizopumzika zinakatiza mfululizo huo? La. Sheria inasema kwamba kibarua anastahili siku moja ya mapumziko yenye malipo baada ya siku sita za kazi, na kwamba siku hiyo, pamoja na sikukuu yoyote itakayoangukia humo, itahesabiwa kuwa sehemu ya siku za kazi mfululizo.

Hivyo basi, ndani ya sheria moja, Jumapili si siku ya kazi mtu anapokwenda likizo, na ni siku ya kazi kibarua anapohesabu mwezi wake. Hakuna kosa la uandishi hapo. Kila kifungu kina lengo lake: cha kwanza kinalinda mapumziko, cha pili kinamzuia mwajiri kumwachisha kibarua kila Jumamosi na kumwita upya Jumatatu ili asiwe mfanyakazi kamili.

Mawakili wanaufahamu mtego huu, na dawa yao ya kawaida ni kifungu cha fasili kinachowekwa mwanzoni mwa mkataba. Humo neno hupewa maana mahususi, kisha huandikwa kwa herufi kubwa kila linapotumika kwa maana hiyo. 'Siku ya Kazi' huweza kuelezwa kuwa siku yoyote, isipokuwa Jumamosi, Jumapili na sikukuu, ambayo benki za Nairobi zimefunguliwa kwa shughuli za kawaida. Linapotokea 'siku' kwa herufi ndogo, msomaji hutarajiwa kuelewa siku ya kalenda. Herufi moja tu inabeba mzigo wote huo, na karani mwenye haraka anaweza kuubwaga bila kujua.

Isitoshe, vifungu vya fasili karibu vyote huanza kwa maneno haya au yanayofanana nayo: isipokuwa pale muktadha unapohitaji vinginevyo. Mahakama huanza kwa kudhania kwamba neno lililofasiliwa lina maana ile ile mkataba mzima, lakini maneno hayo huacha ufa ambao hoja hupenyea. Upande unaoshindwa kwa fasili hukimbilia muktadha, na mara nyingine hufaulu.

Fasili nzuri nayo haimalizi kazi. Nchini Kenya waziri anaweza kutangaza sikukuu kupitia Gazeti Rasmi la Serikali kwa taarifa ya siku chache. Novemba 13, 2023 ilitangazwa kuwa siku ya mapumziko ili wananchi wapande miti, wiki moja tu kabla yake. Mei 10, 2024 ikafanywa vivyo hivyo, safari hii pia kuwakumbuka waliofariki katika mafuriko. Aliyekuwa na siku tano za kazi za kulipa deni aliongezewa siku moja na Serikali bila kuomba. Aliyekuwa na siku tano za kalenda hakuongezewa chochote, ila kama mkataba wake ulieleza cha kufanya siku ya mwisho inapoangukia sikukuu.

Swali la pili ni mwanzo wa hesabu. Mahakama ya Uingereza iliamua mwaka wa 1808, katika kesi ya Lester dhidi ya Garland iliyohusu wosia, kwamba siku ya tukio lenyewe haihesabiwi. Muda huanza kukimbia kesho yake. Kanuni hiyo imo katika Sura ya 2 ya Sheria za Kenya, inayoeleza namna ya kufasiri sheria. Sura hiyo huongeza kwamba muda ukiisha Jumapili au sikukuu, husogezwa hadi siku inayofuata ya kazi, na kwamba muda usiozidi siku sita hauhesabu siku hizo kabisa. Hata hivyo, kanuni hizo zimetungwa kwa ajili ya sheria zilizoandikwa. Mkataba wa watu wawili unaweza kuzifuata au kuweka zake, na unaponyamaza ndipo mabishano yanapozuka.

Mnunuzi wa ardhi ana sababu ya kuwa mwangalifu zaidi. Mikataba mingi ya mauziano hutoa siku 90 za kukamilisha malipo na uhamisho. Kwa shamba la kilimo, sheria inataka ombi la idhini ya bodi ya ardhi lipelekwe ndani ya miezi sita tangu mkataba ulipofanywa. Anayechukulia kuwa miezi sita ni siku 180 hukosea kidogo: kwa mkataba wa Machi 1, siku 180 zinaisha Agosti 28, ilhali miezi sita inaisha Septemba 1. Aliyekosea hivyo ana bahati, kwani kosa lake limemharakisha. Hatari humkabili anayekosea kwa upande wa pili.

Ndivyo ilivyompata mpangaji mmoja nchini Uingereza. Mwenye nyumba alimpa notisi Septemba 30, 1978, na sheria ilimpa mpangaji miezi minne kuomba mahakamani apewe upangaji mpya wa jengo lake la biashara. Aliomba Januari 31, 1979, akiamini kuwa Septemba iliishia tarehe 30 na hivyo mwisho wa Januari ulikuwa mwisho wa muda wake. Katika kesi hiyo ya Dodds dhidi ya Walker, Bunge la Malodi, lililokuwa mahakama ya juu zaidi ya nchi hiyo, liliamua mwaka wa 1981 kwamba mwezi huishia tarehe inayolingana na ile ulikoanzia. Muda ulikuwa umekwisha Januari 30. Alichelewa kwa siku moja.

Katika ujenzi, mambo ni makavu zaidi. Mikataba ya mfano ya shirikisho la kimataifa la wahandisi washauri, FIDIC, ambayo hutumika katika kandarasi nyingi kubwa, husema waziwazi kwamba siku ni siku ya kalenda. Mwanakandarasi anayetaka kuongezewa muda au malipo sharti atoe notisi ndani ya siku 28 tangu alipojua, au alipopaswa kujua, jambo lililomchelewesha. Krismasi na Mwaka Mpya zimo ndani ya hesabu.

Bandarini neno 'siku' ndipo lilipozaa wana wengi. Mkataba wa kukodi meli huweka muda wa kupakia na kupakua shehena, na kila siku inayozidi hutozwa malipo ya ucheleweshaji. Zipo siku mfululizo, zinazohesabu kila kitu. Zipo siku za kazi. Zipo pia siku za kazi ambazo hali ya hewa inaruhusu, na hizi ni muhimu kwa meli iliyotia nanga Mombasa msimu wa masika ikiwa na ngano isiyo kwenye magunia, kwani mvua ikinyesha milango ya shehena hufungwa. Mwenye meli angependa siku mfululizo; mwenye ngano angependa mvua itolewe katika hesabu. Meli ikielekea Ghuba huja swali jingine: mapumziko ni Jumapili au Ijumaa? Oman hupumzika Ijumaa na Jumamosi, lakini Umoja wa Falme za Kiarabu ulihamishia mapumziko yake Jumamosi na Jumapili Januari 2022, Ijumaa ikabaki nusu siku kwa watumishi wa serikali.

Mswahili ana tatizo lake mwenyewe. Kwa hesabu ya jadi ya pwani, siku huanza magharibi, na usiku wa Ijumaa ni ule unaoutangulia mchana wa Ijumaa. Kwa hesabu ya mahakama, siku huanza saa sita za usiku, na usiku huo ni wa Alhamisi. Mpangaji aliyeandikiwa ahame 'usiku wa Ijumaa' amepewa tarehe mbili. Katiba ya 2010 imekifanya Kiswahili lugha rasmi pamoja na Kiingereza, na Sheria ya Ajira humtaka mwajiri ahakikishe mkataba umeelezwa kwa lugha anayoielewa mwajiriwa. Anayefanya kazi hiyo ya kueleza hana budi kutaja tarehe yenyewe, na saa, na kama ni ya mchana au ya usiku.

Mahakama si mara zote huwa kali kama ilivyokuwa kwa Dodds. Mwaka wa 1997 Bunge la Malodi lilipokea kesi ya kampuni ya Mannai dhidi ya Eagle Star. Mpangaji alikuwa na haki ya kuvunja upangaji Januari 13, 1995. Barua zake zikataja Januari 12. Malodi watatu dhidi ya wawili walizikubali, wakisema kuwa mwenye jengo yeyote aliyezisoma akiwa na mkataba mkononi angejua bila shaka ni siku ipi iliyokusudiwa. Mpangaji wa 1979 hakuwa na nafasi hiyo, kwa sababu muda wake haukuwekwa na maneno ya barua bali na sheria ya Bunge, na ombi lake lilikuwa halijafika mahakamani siku ilipokwisha.