Saini ya staa, au ya mama yake?

Haya wadau, leo fumbo la kizee kidogo. Staa wa kike wa Hollywood, nywele nyeupe pee, mashabiki wanamwandikia barua kwa magunia. Wanajibiwa, tena kwa picha yenye saini. Kumbe saini nyingi alikuwa anaziweka mama yake mzazi! Huyo ni Jean Harlow, aliyefariki 1937 akiwa na miaka 26 tu.

Wala hakuwa peke yake. Studio kubwa za enzi hizo zilikuwa na ofisi nzima za barua za mashabiki. Makarani, wengi wao akina dada ambao hakuna anayewataja leo, waliiga mwandiko wa staa hadi mkono ukazoea. Wengine walitumia mihuri ya mpira, na baadaye ikaja mashine inayoshika kalamu na kusaini yenyewe.

Kwa nini nayaleta haya? Kuna mzee mmoja wa Lulindi, jina nalibana kwa heshima yake, ana picha ya John Wayne yenye saini, ipo ukutani kwenye fremu. Mjukuu wake wa Dar anataka kuiuza, ameshaanza kuota kiwanja. Taratibu, mdogo wangu. Itoe kwenye fremu, ipeleke kwenye mwanga. Wino wa muhuri hulala sawasawa kila mahali. Mkono wa mtu hukandamiza hapa, huachia pale. Na ukikuta saini mbili zinafanana mstari kwa mstari, hiyo ni mashine. Binadamu hasaini hivyo, hata wewe jaribu.

Wayne huku alifika kweli. Filamu ya Hatari! ilipigwa Tanganyika, pande za Arusha, 1960 hadi 1961, ikatoka 1962 tukiwa tumeshapata Uhuru. Mwenzake humo, Mjerumani Hardy Krüger, alipapenda mpaka akanunua shamba Momella. Hapo ndipo mimi ningetafuta. Karatasi ya kikazi, ya mshahara wa kibarua au ya kuagiza vipuri, haikupitia kwa makarani wa Hollywood. Haina picha wala mbwembwe, ndiyo maana wengi huwashia jiko. Kama babu yako alifanya kazi kule, fungua kasha lake kabla mchwa hawajalifungua.

Mzee wa Lulindi nilimweleza yote haya, ya makarani na ya mashine. Akacheka. "Picha iacheni ukutani," akasema.