KWENDA SHAMBA: MAJUMBA YA KALE YA UNGUJA NA MANENO YALIYOSALIA

Neno shamba hufasiriwa katika kamusi kuwa ni mahali palimwapo. Tafsiri hiyo ni sahihi, lakini kwa Unguja haitoshi. Mtu wa mjini husema kwamba anakwenda shamba hata ikiwa hana mche mmoja wa muhogo wala nia ya kushika jembe. Maana yake ni kwamba anatoka nje ya mji. Vivyo hivyo mtu wa shamba ni kila akaaye nje ya mji, awe mkulima, mvuvi au mwalimu. Upana huu wa maana una historia yake. Katika karne ya 19 matajiri wa Unguja walikuwa na nyumba ya mawe mjini na nyumba nyingine shambani, na kwao kwenda shamba kulikuwa ni kwenda kupumzika: kukoga, kula matunda, kukaa kivulini na kupunga upepo. Kwa watu waliokuwa wakiyalima mashamba hayo neno lilikuwa lile lile, lakini jambo lilikuwa jingine kabisa.

Leo mtu atokaye mjini kwenda kutazama magofu ya majumba hayo kwa siku moja huifuata njia ya wale wa kwanza. Huonyeshwa mahali alipokoga binti mfalme na mahali aliponywea kahawa sultani. Kusudi la makala haya ni kuifuata njia hiyo kituo kwa kituo na kuyapima maneno yasikikayo humo. Kwani ushahidi wa wale wa pili hauonekani sana katika mawe. Aghalabu umo katika lugha.

Safari huanza kwa barabara ya kaskazini, ifuatayo pwani. Kituo cha kwanza ni Marhubi, mwendo mfupi kutoka Mji Mkongwe. Jumba la hapo lilijengwa na Seyyid Barghash bin Said, aliyetawala tangu 1870 hata 1888. Ujenzi ulianza 1880 ukamalizika 1882, na mwaka 1899 jumba likaungua. Yaliyobaki ni nguzo nene za mawe zilizokuwa zikibeba roshani, hamamu yenye kuba, mabirika yaliyoota mayungiyungi, na miembe mikubwa. Jina lenyewe si la Sultani. Ni la ukoo wa Mwarabu aliyekuwa mwenye ardhi hiyo kabla yake. Barghash alikuwa amezuru Uingereza mwaka 1875, na husemwa kwamba ukuta wa bustani yake aliuiga kutokana na kuta alizoziona huko, zilizozunguka viwanja vya majumba ya mabwana wa Kiingereza. Habari hii yaweza kuwa kweli, kwani tarehe hazikatai.

Husemwa pia kwamba humo walikaa mke mmoja na masuria 99. Hesabu hiyo yafaa ichukuliwe kuwa ya msimulizi, si ya karani; tisini na tisa ni njia ya kutaja wingi unaokaribia mia bila kuifikia. Lenye uzito zaidi kuliko hesabu ni neno suria. Asili yake ni Kiarabu, na katika sheria ya wakati ule maana yake ilikuwa mjakazi aliyechukuliwa na bwana wake kukaa naye unyumba. Mtoto aliyemzalia bwana huyo alikuwa muungwana. Mgeni akiambiwa kwamba hawa walikuwa “wake wa Sultani”, tafsiri hiyo humfichia habari iliyo kubwa, nayo ni kwamba wanawake hao waliingia katika jumba wakiwa ni mali.

Mbele kidogo ni Mtoni, jumba lililo kongwe kuliko hayo mengine ya pwani hii. Lilikuwa makao ya Seyyid Said bin Sultan, aliyetawala tangu 1806 hata 1856. Katika maandishi huitwa Beit el-Mtoni, na jina hilo lastahili kuangaliwa na mtaalamu wa lugha. Beit ni neno la Kiarabu, maana yake nyumba. Mtoni ni Kiswahili kitupu, mto pamoja na kiambishi cha mahali. Waliokuja walileta neno la nyumba. Neno la mahali walilikuta.

Habari za Mtoni zajulikana zaidi kwa sababu mtoto mmoja wa jumba hilo aliziandika. Sayyida Salme binti Said alizaliwa hapo mwaka 1844, mama yake akiwa suria wa Kicherkesi. Mwaka 1866 aliondoka Unguja, akaolewa na Mjerumani na kuitwa Emily Ruete. Mwaka 1886 kumbukumbu zake zikachapishwa kwa Kijerumani. Humo aeleza ua mkubwa wenye tausi, paa na mbuni, safu ya hamamu za watu wote wa nyumbani, na ukumbi wa mviringo uliotazama bahari, ulioitwa benjile, ambapo baba yake alikuwa akitembea huku na huko na jamaa wakikutana kunywa kahawa. Aeleza pia furaha ya kwenda mashamba ya ndani: msafara wa punda weupe, matandiko ya fahari, na watumwa wakifuata kwa miguu. Kwa hiyo siku ya matembezi katika majumba haya si desturi iliyoletwa na watalii. Majumba yenyewe yalijengwa kwa ajili ya matembezi. Lakini ni Salme huyo huyo aandikaye kwamba baba yake alikuwa na mashamba 45, na kwamba hesabu ya watu wa Mtoni ilifikia kiasi cha elfu moja. Katika elfu hiyo, waliokaa kunywa kahawa benjileni walikuwa wachache.

Barabara ikiendelea hufika Bububu, na hapa msafiri husimuliwa kwamba jina hilo limetokana na mlio wa gari la moshi. Ni kweli kwamba reli ilikuwapo. Barghash alikuwa na reli yake mwenyewe, iliyojengwa 1879 kutoka mjini hata jumba lake la Chukwani upande wa kusini, ambayo mabehewa yake yalikokotwa kwanza na nyumbu. Nayo iling'olewa baada ya kufa kwake. Mwaka 1905 kampuni ya Kimarekani ilijenga reli nyingine, maili saba, kutoka mjini hadi Bububu. Basi hadithi yapendeza sikioni, na tena wote wakubali kwamba Kiswahili kina maneno mengi yaigayo milio. Hata hivyo haisimami. Salme ataja Bububu kwa jina hilo hilo katika kitabu chake cha 1886, naye aeleza maisha yake ya huko kabla ya kuondoka 1866. Jina haliwezi kuzaliwa na gari lililokuja miaka 39 baadaye. Maelezo mengine, kwamba ni mlio wa maji ya chemchemi, hayapingwi na tarehe; lakini kutopingwa si sawa na kuthibitishwa. Mfano huu ni mdogo, nao wafundisha kanuni: hadithi ya jina ipimwe kwanza kwa tarehe, ndipo ipimwe kwa sikio.

Kutoka Bububu njia huacha pwani na kupanda kuelekea Kidichi. Hapo ipo hamamu ambayo Seyyid Said alimjengea mkewe wa Kiajemi, Shahrazad, mjukuu wa Shah Fath Ali, katikati ya karne ya 19. Kuta za ndani zimepambwa kwa chokaa iliyochongwa maua, miti na ndege kwa mtindo wa Kiajemi. Binti huyo hakudumu Unguja. Salme asimulia jinsi alivyopenda farasi na kuwinda, na jinsi ndoa ilivyokwisha kwa talaka naye akarudi kwao. Maneno ya mahali hapa yanashuhudia pande zilikotoka anasa hizi. Hamamu ni Kiarabu. Bustani ni Kiajemi, nalo katika asili yake lina maana ya mahali penye harufu njema. Lakini kisima, mtungi, kuteka na kuchota ni maneno ya Kibantu. Haiwezi kusemwa kwamba mgawanyo wa maneno ni sawasawa na mgawanyo wa kazi, maana lugha haina utaratibu mwepisi namna hiyo. Hata hivyo yafaa mgeni akumbuke kwamba maji ya hamamu hayakujipandisha yenyewe mlimani, na kuni za kuyapashia moto hazikujikata.

Jirani yake ni Kizimbani, ambako leo wageni hupelekwa kuonyeshwa viungo. Mikarafuu ya kwanza ya Unguja ilipandwa Mtoni na Kizimbani mwanzoni mwa karne ya 19 na Saleh bin Haramil al-Abri, na mashamba hayo baadaye yakawa mikononi mwa Seyyid Said. Hapa ndipo neno shamba lilipokuwa na maana yake ya pili, na kamusi za zamani zimehifadhi msamiati wake. Kazi ya shamba ilikuwa chini ya watu watatu: msimamizi, kisha nokoa, kisha kadamu, na aghalabu hawa wawili wa mwisho walikuwa wenyewe watumwa. Msimamizi lingali likitumika. Nokoa na kadamu yamekwisha kutoweka katika mazungumzo ya watu wengi. Mtumwa aliyezaliwa papa hapa aliitwa mzalia. Yule aliyeletwa karibuni kutoka bara, asiyejua bado lugha wala desturi za pwani, aliitwa mjinga. Kamusi za karne ya 19 zaonyesha maana hiyo waziwazi: mjinga alikuwa hasa ni mgeni, na mgeni huyo ni mtumwa mpya. Leo neno hilo hutupwa kwa mtoto aliyeshindwa hesabu, wala atamkaye hajui kwamba katika midomo ya mabwana wa mikarafuu lilikuwa jina la mtu aliyenyang'anywa kwao.

Utaratibu wa kazi nao wajulikana. Kwa desturi mtumwa wa shamba alimfanyia bwana wake kazi siku tano, akaachiwa Alhamisi na Ijumaa ili alime konde yake mwenyewe apate kula. Kwa hiyo siku za bwana kutoka mjini kwenda kupumzika, na siku za mtumwa kuachiwa nafsi yake, zilikuwa ni habari mbili zilizokutana katika ardhi moja bila kuwa kitu kimoja. Hali hiyo ilikoma kisheria mwaka 1897, ulipoondolewa utambuzi wa utumwa mbele ya mahakama. Matumizi ya maneno hayaondolewi kwa amri, nayo yalichukua muda mrefu zaidi.

Kituo cha mwisho ni Dunga, katikati ya kisiwa. Jumba la hapa halikuwa la masultani wa Kiarabu bali la Mwinyi Mkuu, mtawala wa wenyeji. Mwinyi Mkuu Muhammad bin Ahmed alilijenga kati ya 1846 na 1856, akafariki 1865. Mwanawe Ahmed, aliyefariki 1873, akawa wa mwisho wa cheo hicho. Ngoma na siwa zao zilihifadhiwa katika makumbusho ya Unguja. Cheo chenyewe ni Kiswahili: mwinyi ni mwenye. Lakini watu waliokuwa chini yake waliitwa Wahadimu, na jina hilo hutokana na neno la Kiarabu lenye maana ya mtumishi. Basi hata kwa mtawala mwenyeji, mkubwa alitajwa kwa umilikaji na wadogo kwa utumishi.

Simulizi za Dunga zasema kwamba watumwa waliuawa wakati wa ujenzi, damu yao ikachanganywa katika misingi ili jumba liwe imara. Hakuna hati ithibitishayo jambo hilo, na simulizi za namna hii zapatikana kwa majengo ya nchi nyingi. Lakini si haki kuzitupa. Mahali pengine pote katika safari hii msimulizi hutaja aliyeamuru jumba na aliyejengewa. Dunga peke yake hutaja waliojenga. Hata kama damu haikumwagwa katika chokaa, watu wa Unguja walikusudia isisahauliwe kwamba chokaa ile ilipondwa na mikono ya watu.

Jambo hili lina haraka yake. Jumba la Beit al-Sahel lilifunguliwa kuwa makumbusho mwaka 1994, na chumba kimoja kikatengwa kwa ajili ya Salme. Mji Mkongwe uliingizwa mwaka 2000 katika orodha ya urithi wa dunia. Hata hivyo tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya Beit al-Ajaib, iliyojengwa na Barghash 1883, ilianguka wakati wa matengenezo, na watu wawili wakafa. Mawe yasiyotunzwa huanguka kwa kishindo, na kila mtu akasikia. Maneno huanguka kimya. Nokoa na kadamu hayakuwa na siku ya kuanguka, wala hakuna aliyeyapigia mbiu.

Inafaa basi wale wanaowapokea wageni katika majumba haya wafundishwe, pamoja na tarehe na majina ya masultani, msamiati wa shamba kama ulivyokuwa. Tena inafaa wanafunzi wa lugha watumwe Kidichi, Kizimbani na Dunga kuandika kwa wazee majina ya vipande vya ardhi, ya visima, ya kazi na ya vyeo, pamoja na maana walizozipokea, kabla havijabaki ila vichwa vya kamusi. Msafiri hatakoseshwa furaha ya siku yake kwa hayo. Ataendelea kukaa chini ya miembe ya Marhubi na kupunga upepo, kama walivyofanya waliomtangulia. Isipokuwa atakaporudi mjini na kuulizwa alikuwa wapi, akajibu kwamba alikwenda shamba, atajua neno hilo lina watu wangapi ndani yake.