Jina na Kazi: Historia ya Mnyororo wa Gama katika Upungufu wa Kinga wa Kurithi

Makala haya yanafuatilia jinsi jina la awali la jeni moja lilivyoficha kazi yake, na yanaonyesha funzo lililomo kwa waundaji wa istilahi za Kiswahili.

Saitokini ni protini zinazopeleka ishara kati ya seli. Mwaka 1976 watafiti wa Marekani walieleza protini iliyoziwezesha seli T za binadamu kuendelea kukua maabarani. Iliitwa kwa kazi yake, yaani kichocheo cha ukuaji wa seli T. Baada ya mkutano wa Ermatingen, Uswisi, mwaka 1979, ilianza kuitwa intalukini-2.

Wakati huo, David Vetter, aliyezaliwa Texas mwaka 1971, alikuwa akiishi ndani ya vyumba vya plastiki visivyo na vijidudu. Alifariki mwaka 1984. Alikuwa na upungufu mkali wa kinga unaorithiwa kupitia kromosomu X, ambao huwapata hasa wavulana. Mwaka 1993 kundi la Warren Leonard lilibainisha chanzo cha maradhi hayo: hitilafu katika jeni ya mnyororo wa gama wa kipokezi cha intalukini-2.

Jina hilo lilizua kitendawili. Mwaka 1991 ilikwisha kuonekana kwamba panya wasio na intalukini-2 huwa na seli T. Kwa nini basi watoto hawa hawakuwa nazo? Jibu lilipatikana mwaka huohuo wa 1993: mnyororo huo hutumiwa pia na vipokezi vya intalukini-4 na intalukini-7, na baadaye ikathibitika kuwa vya intalukini-9, 15 na 21 pia huutumia. Intalukini-7 ndiyo inayoziwezesha seli T changa kuishi na kukomaa katika tezi ya thaimasi. Mwaka 1998 ilidhihirika kwamba hitilafu ya kipokezi chake pekee yatosha kumnyima mtoto seli T. Mnyororo ukaitwa "wa pamoja", ila jeni yake ingali ikiandikwa IL2RG.

Kiswahili kina kitendawili chake. Neno UKIMWI limetokana na maneno "upungufu wa kinga mwilini". Mzazi anayeambiwa kwamba mwanawe ana "upungufu wa kinga" aweza kudhani ni UKIMWI, akanyamaza kwa kuogopa unyanyapaa, na asitaje wavulana wa upande wa mama waliofariki wakiwa wachanga. Taarifa hiyo ina uzito: chanjo ya BCG, ambayo nchini Kenya na Tanzania hutolewa mara mtoto azaliwapo, ina bakteria hai wanaoweza kumdhuru mtoto asiye na seli T.

Kwa hiyo inapendekezwa kwamba "wa kurithi" iwe sehemu ya lazima ya istilahi hii katika miongozo ya afya, na kwamba "mnyororo wa gama wa pamoja" utumike katika vitabu vya kiada. Jina la kwanza la mnyororo huo liliwatatiza wanasayansi kwa miezi michache tu. Jina lisilo wazi kliniki laweza kugharimu maisha ya mtoto.