Waliobaki kwenye Boneti

Mvua za masika zikianza, gari la wagonjwa linaloondoka Moshi usiku kwenda Siha halifiki likiwa jeupe. Baada ya Boma Ng'ombe, ukishika njia ya Sanya Juu, kumbikumbi hutoka ardhini kwa maelfu na kufuata mwanga wa taa, na gari lenye mgonjwa haliwezi kupunguza mwendo kwa ajili yao. Kunapopambazuka, boneti, bampa na kioo cha mbele vimejaa mabawa, miguu ya panzi, unga wa nondo na ute wa njano ulioganda. Mgonjwa ameshapokelewa wodini. Dereva anachota ndoo ya maji.

Ndoo hiyo inafuta kitu ambacho zamani, kwenye mteremko huohuo, mtu alisafiri kutoka mbali kuja kukikusanya.

Mwaka 1905, reli ikiwa bado haijafika Moshi, mwanazoolojia kutoka Sweden aitwaye Yngve Sjöstedt alikuja Kilimanjaro na kupiga kambi Kibong'oto, jina ambalo kwenye maandishi yake alilitaja kama Kibonoto. Kumbikumbi hawakuwa wageni kwake: miaka mitano kabla ya hapo alikuwa ameshachapisha kitabu kizima kuhusu mchwa wa Afrika. Mpaka mwaka 1906 wadudu walikamatwa mashambani, msituni na nyikani, wakachomwa pini, na kila mmoja akapewa kikaratasi chenye jina la mahali. Matokeo yalitoka katika juzuu tatu kati ya 1907 na 1910. Kwa hiyo kijana wa Siha anayetaka kujua ni panzi gani walirukaruka kwenye vihamba vya kwao miaka 120 iliyopita anaweza kupata jibu, ila jibu lenyewe liko kwenye droo za makumbusho ya Stockholm.

Miaka 20 baadaye Kibong'oto ilipata kazi nyingine. Mwaka 1926 ilianzishwa hapo hospitali ya wagonjwa wa kifua kikuu. Dawa ya kuua vimelea vya ugonjwa huo ilikuwa bado haijapatikana duniani, na madaktari waliamini hewa ya milimani, chakula na mapumziko. Dawa zilikuja, kisha vikaja vimelea sugu. Mwaka 2009 hospitali hiyohiyo ilianza kutibu kifua kikuu sugu, na wagonjwa wakapelekwa huko kutoka pande nyingi za nchi. Hivyo jina lililoandikwa kwenye vikaratasi vya wadudu likawa jina la mwisho wa safari kwenye karatasi za rufaa. Wadudu bado wanafika hapo na kila gari, wakiwa madoa.

Na madoa hayo lazima yatoke. Mtu akimwona dereva anasugua bampa anaweza kudhani ni kupenda kung'arisha gari tu. Lakini ute wa mdudu ukikaushwa na jua hung'ang'ania rangi na kuila. Taa iliyofunikwa hupoteza nguvu. Ukiwasha waipa kwenye kioo kikavu, ute husambaa kama yai lililopasuka, na taa za lori linalokuja mbele hugeuza kioo kizima kuwa ukuta mweupe. Mabaya zaidi hayaonekani kwa mbele: mabawa ya kumbikumbi huingia kwenye rejeta na kuziba njia ya hewa. Kwenye tambarare gari linaweza kuvumilia. Likianza kupanda mlima, injini huchemka, na anayesubiri pembeni mwa barabara ipoe ni mgonjwa.

Kwa hiyo kuna namna ya kufanya. Hakuna kukwangua kukavu. Kitambaa kilicholowa maji ya sabuni hulazwa juu ya madoa kwa dakika kumi hivi, mpaka yalainike, kisha hufutwa taratibu kwa sponji. Waya wa kusugulia sufuria hauguswi, kwa sababu huacha mikwaruzo kwenye plastiki ya taa. Rejeta huoshwa injini ikiwa imepoa, kwa maji yasiyo na kasi kubwa, kutoka upande wa injini kuja nje, ili uchafu urudi ulikotokea.

Upande huohuo wa mlima una uhusiano na ambulensi ya aina nyingine. Mwaka 1956, kwenye shamba la Michael Wood chini ya Kilimanjaro, madaktari watatu, Wood mwenyewe, Archibald McIndoe na Thomas Rees, walipanga huduma ya madaktari wa ndege. Mwaka 1957 ikaanzishwa, na leo tunaijua kama Amref. Kwa ndege, mdudu ni jambo zito zaidi. Nyigu wa udongo hupenda kujenga kwenye mrija mwembamba unaopima kasi, na mrija ukiziba, rubani husomewa kasi ya uongo. Ajali ya Birgenair ya Februari 1996 huko Jamhuri ya Dominika iliua watu 189, na nyigu hao ndio walioshukiwa.

Basi sitetei boneti chafu. Ninachouliza ni kinachomwagika na yale maji. Mwaka 1997 mtafiti Anders Pape Møller alianza kuhesabu wadudu waliokufa kwenye kioo cha gari lake katika barabara zilezile za Denmark, mwaka hadi mwaka. Kufikia 2017, kwenye moja ya barabara hizo, walikuwa wamepungua kwa asilimia 80. Mwaka huohuo watafiti wa Ujerumani walitangaza kwamba katika maeneo 63 yaliyohifadhiwa uzito wa wadudu warukao ulikuwa umeshuka kwa zaidi ya asilimia 75 ndani ya miaka 27.

Kwetu hilo lina bei. Utafiti uliofanywa kwenye kahawa ya Kilimanjaro na kuchapishwa mwaka 2014 ulionyesha kuwa maua yakitembelewa na nyuki, uzito wa tunda huongezeka kwa takriban asilimia 7. Kwa familia inayolipa ada kwa kahawa, hiyo si tarakimu ya kupuuzwa. Nyuki anayekutwa amekauka kwenye bampa alikuwa kibarua wa kihamba cha mtu.

Møller alihitaji tarehe, saa, njia, kilomita na hesabu ya waliokufa. Daftari la safari la gari la wagonjwa tayari linajazwa manne ya kwanza, kila safari, kwa mkono wa dereva. Imebaki safu moja. Hata kuhesabu boneti nzima si lazima: Waingereza, walipojaribu mwaka 2004, waliwaomba madereva wahesabu madoa ya kwenye kibao cha namba tu. Mgonjwa akishapokelewa na ndoo ikishajaa, kazi hiyo haizidi dakika moja. Iandikwe tarakimu, kisha maji yamwagwe, taa zing'ae, na gari liwe tayari kwa simu inayofuata.