Stadi Mbili za Rejeta

Katika miaka yangu ya ualimu nilifundisha historia kwa chaki. Vita, mikataba na majina ya magavana niliviandika ubaoni, wanafunzi wakavinakili. Sikudhani hata mara moja kwamba uzeeni ningefundishwa historia kwa kipande cha chuma chenye urefu wa kidole, tena na kijana niliyemharibia masomo.

Nilikuwa nimekwisha kustaafu. Siku moja hapa Moshi nilibeba debe langu la kumwagilia bustani, lililokuwa likivuja, nikaenda gereji moja kutafuta mtu wa kulitia lehemu. Fundi aliinua kichwa, akafuta mikono kwa tambara.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu."

Nilimtambua kwa sauti. Mwaka 1984, nikiwa mkuu wa shule, nilimsimamisha masomo kwa wiki mbili kwa kosa la kutoroka vipindi vyangu na kwenda kushinda gereji. Wiki mbili zilipokwisha hakurudi, wala mimi sikumfuata.

Alinipa kigoda, nikakaa. Mbele yake palikuwa na rejeta kuukuu ya shaba, imelazwa juu ya magunia. Ilikuwa ya gari aina ya Ford Model T, mali ya familia moja iliyoirithi kwa baba yao. Stadi zake mbili, yaani vile vyuma vyenye hesi vinavyoishikilia rejeta juu ya chesisi, zilikuwa zimekatika.

Niliuliza, "Zimekatika kwa uzee?"

"Hapana, Mwalimu. Zimekatika kwa kubanwa."

Akanieleza. Gari lile lilianza kuuzwa Marekani mwaka 1908, nalo lilikusudiwa hasa wakulima, watu ambao barabara zao zilikuwa tope wakati wa mvua na mashimo wakati wa kiangazi. Kwa hiyo chesisi yake ilitengenezwa nyepesi, ya kujipinda kidogo kila gurudumu linapozama shimoni. Lakini rejeta haiwezi kujipinda. Ni mabomba membamba yaliyounganishwa kwa lehemu, na ukiikunja inavuja. Hilo ni jambo kubwa kwa gari hilo, kwa sababu karibu yote yalitoka kiwandani bila pampu ya maji: maji ya moto hupanda yenyewe kutoka kwenye injini, yakapoa katika rejeta na kushuka.

Basi waundaji walifanya hivi. Stadi inapita katika tundu la chesisi, na chini yake inavishwa springi ndogo, kisha nati yenye meno, na pini ya kuizuia isilegee. Chesisi ikijipinda, springi inabonyea na rejeta inasalimika. Kwa ujanja mdogo kama huo, magari zaidi ya milioni 15 ya aina hiyo yalitengenezwa hadi mwaka 1927, na bei ya gari la watu wawili ikashuka hadi dola 260. Magari mepesi ya Ford yalifika hata huku kwetu katika Vita Kuu ya Kwanza, yakibeba mizigo na majeruhi wa jeshi la Waingereza. Yalipokwama, mizigo ilirudi vichwani mwa wapagazi, ambao kikosi chao kimetuachia jina la Kariakoo kule Dar es Salaam.

"Sasa tazama," akasema, akanipa nati iliyotolewa kwenye kipande kilichokatika. Mtu aliyelishika gari kabla yake alipoteza springi, akaona si kitu. Akachukua nati ya milimita 10 na kuilazimisha kwa spana juu ya stadi ya inchi 3/8. Hesi hazikulingana, zikatafunana.

Hapo nami nikapata la kuchangia. Nilimwambia kwamba Mwingereza Joseph Whitworth alipendekeza hesi za kipimo kimoja mwaka 1841, zenye pembe ya digrii 55. Mwaka 1864 Mmarekani William Sellers akapendekeza zake za digrii 60. Mataifa ya milimita nayo yakawa na zao. Kizazi changu kilianza shule kwa futi na inchi, kikafundisha kwa mita. Fundi akacheka: "Kumbe hayo ndiyo yanayotusumbua hapa kila siku!"

Kazi yenyewe aliifanya bila haraka. Hakutumia moto wa kuchomelea, kwa kuwa lehemu huyeyuka kwa joto dogo na mabomba yangeachana. Alitia mafuta, akasubiri. Akaweka alama katikati ya kila kisiki, akatoboa kwa keekee ndogo, kisha kubwa zaidi, mpaka vikatoka. Stadi mpya alizichonga mwenyewe, akazifunga kwa kuzigonga kichwa kama ribiti, bila moto. Akaziba midomo ya rejeta, akaizamisha katika pipa la maji na kupuliza hewa kidogo. Hakuna povu lililotoka.

Mwisho akairudisha mahali pake. Alikaza nati kwa vidole, akaongeza kidogo kwa spana mpaka springi ilipoanza kubonyea, akaacha. Akatia pini.

"Basi?" nikauliza.

"Basi, Mwalimu. Ukizidisha hapo, unaikata tena."

Nilikaa kimya. Maisha yangu yote niliwaambia wazazi kwamba samaki mkunje angali mbichi, na sikujiuliza ni samaki wangapi waliovunjika mkononi mwangu. Nikamwambia nilimkosea, kwamba wiki mbili zile zilikuwa nyingi, na kutomfuata nyumbani kulikuwa kosa kubwa zaidi.

Aliendelea kufuta spana. "Yamepita, Mwalimu. Lakini kile cheti kingenisaidia. Benki huwa wanakiulizia."

Hakukataa msamaha wangu, wala hakunirahisishia. Debe langu alilitia lehemu, akakataa fedha.

Tangu hapo, kila Jumamosi asubuhi naenda gereji ile. Vijana wake wanne wananisubiri juu ya magunia, nami nawafundisha kusoma vipimo vya inchi na milimita. Anayechelewa namwuliza kwanza alikuwa wapi.